Barua Inapogoma Kutoka: Kukagua Upitishaji na Viunganishi vya Seva ya Ofisi

Dalili inayoonekana mara nyingi ni hii: mfumo wa uhasibu au mashine ya kuskani inatuma barua pepe kwa wafanyakazi wa ofisini bila shida, lakini barua ya kwenda kwa mteja wa nje inakataliwa papo hapo. Fundi akiitwa huambiwa kwamba seva imeharibika, naye huanza kubadilisha mipangilio mmoja baada ya mwingine. Seva ni nzima. Imepangwa kupokea barua za kikoa cha kampuni kutoka kwa mtu yeyote, na kukataa kumbebea asiyejulikana barua ya kwenda kwingine.

Kubeba barua ya kwenda kikoa cha watu wengine ndiko upitishaji, ambao mafundi wengi huuita rilei. Jon Postel alipoandika kanuni za SMTP, yaani itifaki ya kutuma barua pepe, mwaka 1982, mtandao ulikuwa wa vyuo na maabara zilizofahamiana, na seva zilibebeana barua bila kuulizana. Watumaji wa barua taka walipoutumia mwanya huo, milango ikafungwa. Kwa hiyo kukataliwa ni ulinzi, na swali la fundi ni moja tu: nani aruhusiwe, na kwa mpaka gani?

Anza kwa kusoma msimbo wa kosa wote, pamoja na jina la seva iliyoutoa. Msimbo unaoanza na 4 maana yake ni kukwama kwa muda, na seva itajaribu tena yenyewe. Unaoanza na 5 ni kukataliwa kabisa. Exchange ya toleo la 2013 na kuendelea hutoa 550 5.7.54 inapokataa kupitisha. Postfix mara nyingi hutoa 554 5.7.1 na maneno Relay access denied. Ukiona kwamba aliyekataa ni seva yako, shida iko kwenye kiunganishi cha kupokea, yaani mipangilio inayoamua seva ipokee barua za nani. Kama aliyekataa ni seva ya mpokeaji, hakuna utakalobadilisha kwenye kiunganishi hicho litakalosaidia. Fundi asiyetenganisha mambo haya mawili atazunguka siku nzima.

Kisha jaribu kwa mkono, ukiwa kwenye kompyuta ileile yenye mfumo unaogoma, kwa sababu seva humtambua mtumaji kwa anwani ya IP anayotokea. Fungua telnet kwenda poti 25 ya seva, andika EHLO, halafu MAIL FROM na anwani ya mtumaji, halafu RCPT TO na anwani ya nje. Jibu la 250 ni ruhusa. La 550 au 554 ni katazo. Andika QUIT hapo hapo na hakuna barua itakayotumwa. Kwa mashine ya kuskani isiyo na telnet, washa kumbukumbu za mawasiliano kwenye kiunganishi na usome anwani inayoonekana kweli. Kiunganishi kipya cha Exchange huja kumbukumbu hizo zikiwa zimezimwa.

Kwenye Exchange, viunganishi kadhaa vya kupokea vinaweza kusikiliza poti 25 kwa pamoja. Seva huchagua kile chenye masafa ya IP yaliyo finyu zaidi kwa mtumaji husika. Ndiyo maana unaweza kurekebisha kiunganishi kimoja asubuhi yote bila kuona mabadiliko: mashine inaangukia kingine. Unda kiunganishi maalumu katika jukumu la Frontend Transport, ukiandika anwani za mashine husika tu. Ukikiunda kimakosa katika jukumu la Hub Transport kwenye poti hiyohiyo, huduma mbili zitagombea poti na barua zote zinaweza kusimama. Kumbuka pia kwamba kuwasha ruhusa ya watumaji wasio na nenosiri hakutoshi. Bila haki iitwayo Ms-Exch-SMTP-Accept-Any-Recipient, barua za ndani zitapita na za nje zitaendelea kugoma. Kwenye Postfix kazi ni fupi zaidi: angalia mynetworks na smtpd_relay_restrictions kwa amri ya postconf -n. Kama mfumo wa uhasibu unaweza kutumia jina na nenosiri kupitia poti 587, chagua njia hiyo.

Lipo kosa moja ambalo ningependa kila msimamizi alikumbuke. Ofisi nyingi huruhusu mtandao mzima wa ndani, tuseme 192.168.1.0/24, kupitisha barua bila nenosiri. Baadaye ukuta wa moto unabadilishwa, na ule mpya unaficha anwani za nje: kila muunganisho wa kutoka intaneti unaifikia seva ukionekana umetoka kwenye anwani ya ndani ya ukuta huo. Kuanzia hapo seva inamwona kila mgeni kuwa mwenyeji. Ofisini hakuna anayegutuka, kwa kuwa barua zote zinapita vizuri sana, hadi foleni inajaa maelfu ya barua za matapeli na anwani ya kampuni inaingia kwenye orodha za kuzuiwa kama za Spamhaus. Andika anwani za mashine moja moja, hata kama ni ishirini. Baada ya kila badiliko, rudia jaribio la telnet kutoka seva iliyo nje kabisa ya ofisi. Mitandao ya simu mara nyingi hufunga poti 25, hivyo jibu lake halikuhakikishii kitu.

Barua zikipokelewa na seva yako lakini zikarundikana kwenye foleni, geukia upande wa kutuma. Soma kosa la mwisho lililoandikwa kwenye foleni. Watoa huduma wengi wa intaneti na wa seva za wingu hufunga poti 25 ya kutokea, na hapo utahitaji kutuma kupitia seva yao. Kama tayari unapitia kwao, hakiki nenosiri na cheti cha TLS: cheti kikibadilishwa, kiunganishi kinaweza kubaki kikitaja cha zamani.

Tukirudi kwa seva ya mpokeaji inayokataa: kampuni ikihamia mtoa huduma mwingine wa intaneti, anwani yake ya nje hubadilika. Rekebisha rekodi ya SPF (orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina la kikoa chako) siku hiyohiyo na umwombe mtoa huduma mpya aweke rekodi ya PTR (inayotoa jina la seva kutoka anwani ya IP), kwani yeye ndiye mwenye anwani hiyo. Tangu Februari 2024 Google inawataka wote wanaotuma kwa Gmail wawe na SPF au DKIM (saini ya kidijitali ya barua) pamoja na PTR sahihi.

Kabla ya kugusa kiunganishi chochote, hifadhi nakala ya mipangilio iliyopo na ubadilishe jambo moja kwa wakati. Na kama ofisi yako bado inaendesha Exchange 2016 au 2019, fahamu kwamba Microsoft ilisitisha msaada wake wa kawaida kwa matoleo hayo tarehe 14 Oktoba 2025. Mweleze mwajiri wako hivyo kwa maandishi, na muanze kupanga kuhama.