Tufungue Madonge ya Bundi, Tuone Anakula Nini



Vijana walitaka kumpiga mawe bundi anayelala chini ya mabati ya depo yetu ya mahindi. Eti ni ndege wa walozi. Tukawaambia: mungoje kwanza, tutazame anakula nini.

Huyu ni bundi mweupe mwenye uso kama moyo, anayependa kujificha kwenye paa za majengo ya zamani. Anameza panya mzima, lakini tumbo lake haliyeyushi mifupa wala manyoya. Vinajiviringa humo, kisha anavitapika kama donge jeusi, unene wa kidole gumba. Si mavi, mavi yake iko majimaji meupe.

Okoteni madonge chini ya mahali anapolala. Msiyashike mkono mtupu, mvae mfuko wa plastiki. Yalowekeni nusu saa ndani ya maji ya vuguvugu yenye javel kidogo, mufungue polepole na vijiti viwili, mifupa muiweke kwenye karatasi. Mkimaliza, mnawe na sabuni.

Tazameni sana fuvu. Panya ana meno marefu ya mbele yenye rangi ya machungwa, halafu pengo, halafu magego. Kile kinyama cha pua ndefu chenye harufu kali hakina pengo hilo, meno yake ni madogo na makali: kinakula wadudu, si mahindi yetu. Fuvu moja, mnyama mmoja. Donge moja linaweza kubeba matatu au manne, na bundi anatapika donge moja au mawili kwa siku. Pigeni hesabu wenyewe.

Kwetu karibu yote yalikuwa ya panya. Fuvu la kifaranga hatukuona hata moja. Mzee aliyetucheka mwanzoni njo aliyehesabu mpaka mwisho.

Bundi peke yake hamalizi panya: jike mmoja wa panya wa shamba anaweza kuzaa zaidi ya kumi kwa mara moja. Lakini panya aliyekula sumu hafi palepale, na bundi akimla anaweza kufa naye. Njo maana kwenye depo tumeacha sumu, tumeweka mitego, na miguu ya ghala tumeivalisha bati.

Wenye kumwogopa bado wako, hatukuwalazimisha. Ila mawe yamekwisha, na watoto wameshaleta madonge mengine.