Ripoti ya PDF Inapogeuka Takataka

Swali: Mfumo wa ada wa shule yetu hutoa ripoti ya PDF, lakini mzazi akibofya, kivinjari kinamwaga herufi zisizosomeka. Kosa liko wapi?

Jibu: Mara nyingi faili ni zima, kilichokosewa ni utambulisho wake. Kivinjari hakitegemei jina linaloishia na .pdf, bali kichwa cha HTTP kiitwacho Content-Type. Seva ikitangaza text/html, baiti zote humwagwa kama maandishi. Tangazo sahihi ni application/pdf.

Kwenye PHP, mkosaji huwa mdogo ajabu: mstari mmoja mtupu juu ya faili la msimbo. Mstari huo huweza kuanzisha jibu kabla ya wakati, vichwa vya mtengenezaji wa mfumo vikakataliwa, na PHP ikabaki na text/html yake ya kawaida. Mtengenezaji afungue ripoti iliyopakuliwa kwa programu ya kuhariri maandishi. PDF safi huanza na %PDF-. Akikuta mstari mtupu au onyo la kosa kabla ya herufi hizo, mchawi kapatikana.

Kichwa cha Content-Disposition nacho huamua mapokezi: inline hufungua ripoti kivinjarini, attachment huipakua. Na kwa kuwa ada ni siri ya familia, kichwa cha Cache-Control: no-store hukiagiza kivinjari kisihifadhi nakala kwenye kache ya kompyuta ya intaneti kafe.