Chipusheni mihogo nyumbani kwanza

Mvua za mwezi wa kenda ziko karibu, na sisi wa Alunguli tunaanza kutafuta miti ya muhogo, wengine hata ng'ambo ya Lualaba. Fungu linafika kwa mtumbwi bila jani hata moja. Hapo ndipo tunapoharibikiwa. Ugonjwa wa mozaiki huonekana kwenye majani: yanajikunja, kijani kinachanganyika na manjano. Mti ukishavuliwa majani, mgonjwa na mzima wanafanana, na ugonjwa umo ndani ya mti wenyewe. Atakayeupanda amepanda na ugonjwa wake.

Kwa hiyo ndugu zangu, mama zangu, mwaka huu tengeni kitanda kidogo cha kuchipushia miti kabla ya kuipanda, nyuma ya nyumba, karibu na maji. Chagua mti wenye miezi 8 hadi 12. Acha ncha ya kijani, maana huoza upesi. Acha na kisiki kigumu cha chini. Kata katikati kwa kisu kikali. Utomvu mweupe ukitoka haraka, mti bado una uhai. Moyo laini wa ndani usizidi nusu ya unene wake.

Shambani tumezoea vipande vya sentimita 20 hadi 25, na mti wa mita moja unatoa vinne au vitano tu. Kitandani, kipande chenye macho mawili au matatu kinatosha, basi mti uleule utakupa zaidi ya kumi. Vilaze chini ya udongo laini, sentimita 5 hivi, umwagilie bila kutuamisha maji. Baada ya wiki mbili hivi machipukizi yanaonekana.

Sasa kaza macho. Kagua kila baada ya siku mbili, hasa majani machanga. Chipukizi lililopinda na kuwa na mabaka, ling'oe pamoja na kipande chake ukalichome. Usilionee huruma, kwani inzi weupe watachukua ugonjwa humo na kuupeleka kwa jirani zake. Miche mizima ihamishie shambani mvua ikikolea, mita moja kwa mita moja, uendelee kuikagua huko.

Na shina ulilokusudia kukata mbegu, lifunge kipande cha kitenge mapema, watoto walijue. Likivunwa majani ya sombe kila wiki, akiba yake inakwisha na vipande vyake vinachipua kwa unyonge. Sombe ya nyumbani ichumwe mistari mingine.