Upembuzi Yakinifu: Kituo cha Nyuklia cha Visaginas

Ukiulizwa kutathmini mradi wa ubia, usiishie kuorodhesha faida. Pima pande zote mbili.

Mfano: Mwaka 2006, upembuzi yakinifu wa Lithuania, Latvia na Estonia ulionyesha kuwa inawezekana kujenga kituo cha pamoja cha umeme wa nyuklia nchini Lithuania. Baadaye Poland ilijiunga.

Yaliyoupa nguvu: njia za umeme za kituo cha Ignalina, kilichofungwa mwaka 2009, zilikuwapo, gharama zingegawanywa.

Yaliyoukwamisha: Poland ilijitoa mwaka 2011, mwaka 2012 wapigakura wengi wa Lithuania waliukataa katika kura ya maoni. Kituo hakikujengwa.

Kumbuka: Kuwezekana kiufundi hakutoshi bila ridhaa ya wabia na wananchi.

Jipime: Je, kura ya maoni ingetangulia upembuzi? Toa sababu mbili.