Mashua, Usukani na Mkondo wa Maji

Katika jimbo la Florida, nchi ya Marekani, imo mito mingi ambamo huishi aina ya nguva. Mnyama huyu ni jamaa wa nguva wa pwani ya Afrika Mashariki. Hula majani yaotayo majini, na hana budi kuja juu mara kwa mara ili avute pumzi. Mwendo wake ni wa polepole, hata mashua ya mota ijayo kwa kasi humpiga kabla hajawahi kuikwepa. Nguva wengi wameuawa hivyo. Basi mwaka 1978 ilitungwa sheria ya kuwalinda, na katika sehemu nyingi vimewekwa vibao vya kuamuru mashua ziende polepole.

Penye amri iliyo kali zaidi, mashua hairuhusiwi kuzidi mwendo ule uitoshao tu kusonga mbele na kuongozwa. Mbona haikuamriwa izime mota kabisa? Sababu ni usukani. Usukani hugeuza chombo kwa nguvu ya maji yapitayo ubavuni mwake. Maji yasipopita, nahodha hata auvute namna gani, chombo hakigeuki, bali huchukuliwa na mkondo na upepo.

Chukua mfano huu. Mashua fulani hutii usukani ikienda maili 3 kwa saa katika maji, na mkondo wa mto ni maili 2 kwa saa. Ikipanda mto, mtu aliye ukingoni huiona ikienda maili 1 tu. Ikiteremka, huiona ikienda maili 5, naye hudhani nahodha anavunja sheria. Kumbe maji yaupitayo usukani ni maili 3 mara zote mbili! Nahodha akipunguza mwendo ili amridhishe mtu yule, mashua haitatii tena. Itakwenda mrama na kugonga nguzo za daraja.

Kwa hiyo kanuni za Florida zasema kwamba chombo hakilazimishwi kwenda polepole hata kishindwe kuongozwa. Walakini hiyo si ruhusa ya kukimbia. Anayeteremka na mkondo hufika upesi na huchelewa kusimama. Yampasa kutazama mbali, maana nguva aliye mbele yake hajui habari za usukani.

Maswali
1. Kwa nini usukani haufai kitu maji yasipopita?
2. Mkondo ukiwa maili 3 kwa saa, mashua ile ikipanda mto itaonekanaje kwa mtu wa ukingoni?