Kuchagua Kisa cha Mchezo

Wenzangu, mchezo wa Dungeons & Dragons, uliotolewa Marekani mwaka 1974, huchezwa mezani kwa maneno, karatasi na dadu. Kiongozi husimulia, na kila mchezaji hujibu kwa nafsi ya shujaa wake. Visa vilivyopigwa chapa ni vingi, na kisichowafaa wachezaji huvunja kikundi mapema. Wanaoanza nawashauri wachukue Lost Mine of Phandelver, cha 2014: huanzia daraja la 1 hadi la 5, na katika sanduku lake mna mashujaa watano tayari. Curse of Strahd, cha 2016, nakipenda zaidi, lakini hutisha. Waulizeni kwanza wenzenu kama wataka hofu. Tomb of Horrors, cha 1978, huua ovyo. Ampendaye shujaa wake asikiguse.