Tujue Watu wa Kijiji Chetu
Somo kwa viongozi na familia zilizohamishwa na vita



Hesabu ya mwisho ya watu wote wa Kongo ilifanyika mwaka 1984, wakati tulikuwa watu wapata milioni 30. Aliyezaliwa mwaka ule leo ni mzazi, pengine babu, na bado tunaishi kwa makadirio.

Hasara yake tuliiona Kalehe. Tarehe 4 Mei 2023 mvua kubwa ilijaza mito, na vijiji vya Bushushu na Nyamukubi vikabomolewa. Nyamukubi ilikuwa siku ya soko. Zaidi ya watu 400 walikufa na wengine wengi hawakuonekana tena. Ili kuwaandika waliopotea, ni lazima kwanza kujua waliokuwapo: wenyeji, wageni wa soko, na waliokuwa wamehifadhiwa kwa ndugu zao.

Kwa hiyo tunawashauri mashefu wa vijiji na wajumbe wa wakimbizi wahesabu pamoja, si kila upande peke yake. Anzeni na wale wanaokula chungu kimoja. Ulizeni umri, mume au mke, anatoka wapi na alifika lini. Ulizeni pia nani hayupo. Baba aliyekwenda kuchimba dhahabu Kamituga ni wa nyumba ile, hata kama hajarudi mwaka mzima.

Katika Kivu Kusini wakimbizi wengi hawakai kambini, wanakaa kwa jamaa na marafiki. Basi mwandikeni mgeni pamoja na mwenyeji aliyempokea. Msaada ukimfikia mgeni tu, na mwenyeji aliyegawa unga wake kwa miezi sita akaachwa, ugomvi utaanza siku hiyohiyo.

Jambo la shamba lina uzito zaidi. Huku Bushi, mwenye kalinzi ana haki ya kudumu juu ya udongo wake. Mwenye bwasa analima kwa muda tu. Wote wawili wakikimbia, wa bwasa ndiye anayerudi na kukuta mwingine amepanda. Mjane naye huambiwa shamba lilikuwa la marehemu. Andikeni nani alilima wapi kabla ya kukimbia, na majirani washuhudie.

Kabila msiliandike. Kwa jirani zetu Rwanda, vitambulisho vyenye jina la kabila vilitumika mwaka 1994 kuchagua wa kuuawa. Bukavu yenyewe iliingia mikononi mwa M23 mwezi Februari 2025. Hatujui karatasi zetu zitasomwa na nani kesho. Mbele ya mkutano someni jumla tu: familia ngapi, watoto wangapi, wajane wangapi. Majina yabaki kwa watu wawili au watatu wanaoaminiwa na pande zote, na mmoja wao awe mama.

Aliyepoteza hati zake asiachwe nje ya daftari. Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 1998 kuhusu wakimbizi wa ndani zinasema anastahili kupewa nyingine, na mwanamke apewe kwa jina lake mwenyewe.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi: Kwetu, nani husahauliwa tunapohesabu? Na daftari litunzwe nyumbani kwa nani?